Wanaokula Gizani

Mjomba aliniita kupe siku ya kumaliza matanga ya nyanya, nyumbani Nambale, watu wakiwa bado kwenye viti vya kukodi na chai haijaisha. Hakupiga kelele. Alikuwa anasoma orodha ya mchango wa jeneza na gari, akafika kwa jina langu, akaona hakuna kitu, akasema, "Huyu naye ni kupe. Anajua kunyonya tu." Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kupunguza aibu, halafu akaendelea na jina lililofuata.

Nimetembea na hilo neno miaka miwili sasa. Si kwamba ni tusi kubwa. Nimetukanwa vibaya zaidi stendi ya Busia na makanga ambaye hata hanijui. Shida ni kwamba sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu, nalala kwa mama, nakula kwa mama, naandika vitu kwa laptopu ambayo bando lake mara nyingi analipa mama kwa pesa za omena. Kama huyo si kupe, basi kupe ni nani?

Hilo ndilo swali langu, na naomba tulichukue kwa uzito kidogo. Kuishi kwa jasho la mwingine ni kosa? Na kama ni kosa, linaanzia wapi, maana hakuna mtu hata mmoja aliyeanza maisha kwa njia nyingine?

Kiswahili kinalipenda sana neno kupe na ndugu yake, mnyonyaji. Azimio la Arusha la 1967 lilisema kwamba katika nchi ya kijamaa kweli, mtu haishi kwa kazi ya mwenzake. Lakini hata Azimio lilitoa ruhusa kwa wachache: watoto wadogo, wazee wasiojiweza, vilema, na wale ambao nchi yenyewe imeshindwa kuwapatia kazi. Nilipofika kwa hao wa mwisho nilipumua. Nikajiona nimo. Baadaye nikajiuliza kama nilikuwa natafuta ukweli au natafuta kivuli cha kukaa.

Sisi watu wa mpakani tungepaswa kuwa waangalifu na hili neno. Busia na Malaba zinaishi kwa mwanya ulio katikati ya nchi mbili. Dalali wa mahindi hajalima hata mstari mmoja. Mbadilishaji pesa anakaa na bunda la noti za Uganda na za Kenya, anakula ile tofauti. Kijana wa njia za panya anavusha mzigo ambao si wake. Hata neno bodaboda lilizaliwa hapa, vijana walipokuwa wakibeba watu kwa baiskeli kutoka boda moja hadi nyingine. Mkulima aliyekaa shambani Butula anaweza kuwaita wote hao makupe. Lakini Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa siku kadhaa kwa sababu ya sumu ya kuvu, aliyekuwa na mzigo barabarani alimtafuta dalali yuleyule. Kwa hiyo kukaa katikati peke yake hakutoshi kumfanya mtu kupe. Lazima kuna kitu kingine.

Hicho kitu kingine nilikipata shambani kwa mama.

Mama ana nusu ekari. Kila mwaka anapanda mahindi mvua za Machi, na kila mwaka kuna kona moja inayomsumbua. Mahindi yanaota vizuri, yanafika magotini, halafu yanaanza kunyauka kama yamepigwa na jua, na huku udongo umelowa. Majani yanageuka manjano. Unachimba huoni mdudu. Wiki chache baadaye, katikati ya mistari, kunatokea vijimea vidogo vyenye maua ya zambarau, vizuri kweli, vya kupiga picha. Ndiyo kayongo. Tanzania wanaiita kiduha. Wanasayansi wanaiita Striga hermonthica, na Waingereza waliipa jina la uchawi, kwa sababu inaonekana kama shamba limerogwa.

Kayongo si mmea usio na kijani kabisa. Ikishatoka juu ina majani na inakamata jua kidogo. Lakini maisha yake ya kwanza, kwa wiki kadhaa, inayaishi chini ya ardhi bila mwanga wowote. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, haina akiba ya chakula ya maana. Ikishaota, ina siku chache tu za kuupata mzizi wa mahindi, mtama au wimbi. Isipoupata inakufa. Ikiupata inajishika, inatoboa, inaingia hadi kwenye mishipa ya mwenyeji wake, inaanza kuvuta maji na chakula. Sehemu kubwa ya hasara hutokea wakati huo ambapo hakuna anayeiona. Ukiyaona maua, mahindi yameshaumia.

Kuna mimea iliyokwenda mbali zaidi. Huko Tsavo na nyika nyingine kavu kuna Hydnora, mmea usio na majani wala klorofili, ile kemikali ya kijani inayopika chakula kwa jua. Unaishi chini kwenye mizizi ya migunga, na kinachotokea juu ni ua tu, nene kama nyama, lenye harufu ya kuoza ya kuwaita mbawakavu. Na kule Kihansi, Tanzania, bonde ambalo wengi tunalijua kwa sababu ya chura wake, mwaka 2004 ulitangazwa mmea mdogo sana ulioitwa Kihansia. Wenyewe haunyonyi mti. Unanyonya kuvu walio udongoni. Una jamaa yake aliyepatikana Kameruni, na jina lake, niamini, ni Kupea. Hakuitwa hivyo kwa sababu ya kupe wetu. Ni jina la mlima, Kupe, huko Kameruni. Lakini nilicheka peke yangu usiku nilipolisoma. Nilihisi mjomba amefika hadi huko.

Sasa, jambo la kwanza ambalo mtu husema akisikia habari za mimea hii ni: basi ni maumbile. Hydnora haijakosea. Kayongo haijachagua. Kila kiumbe kinakula pale kinapoweza. Na binadamu naye ni hivyo hivyo, tuache unafiki.

Hoja hii inavutia ila haifiki mbali. Kwamba kitu kipo porini hakukifanyi kiwe sawa nyumbani. Simba dume akichukua kundi jipya huua watoto wa dume aliyemtangulia, na hakuna baba wa kambo anayeruhusiwa kutoa hiyo kama sababu mahakamani. Kayongo haina hatia kwa sababu haiwezi kufanya vingine. Mimi ningeweza.

Hoja ya upande wa pili ndiyo ya mjomba: asiyezalisha ni kupe, na kupe hutolewa. Hii inaniogopesha zaidi, kwa sababu tunajua ilishafika wapi. Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, kwa madai kwamba wanaikamua nchi. Ilitokea hapo ng'ambo tu, upande wa pili wa mpaka wetu. Watu walioitwa wanyonyaji walifukuzwa, maduka yakagawanywa, na uchumi ukaanguka mikononi mwa wale waliosema wanauokoa. Mwaka 1964, huko Leningrad, mshairi Joseph Brodsky alishtakiwa kwa kosa la kuishi bila kazi inayotambulika, akahukumiwa miaka mitano ya kazi ngumu, akatoka baada ya mwaka mmoja na nusu hivi. Mwaka 1987 alipewa Tuzo ya Nobeli. Mimi si Brodsky, na mjomba si jaji wa Kisovieti. Lakini somo liko wazi: ukimwita mtu kupe umeshasema cha kumfanyia, maana kupe haulizwi kitu. Anang'olewa, anapondwa kwa kucha.

Kwa hiyo "ni maumbile" halinisaidii, na "ni kupe" linaogopesha. Nilibaki hapo muda mrefu, mpaka niliposoma jinsi kayongo inavyojua mahindi yako wapi.

Mbegu ya kayongo inaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka kumi, imelala. Haiamshwi na mvua peke yake. Inaamshwa na kemikali zinazotoka kwenye mizizi, ziitwazo strigolaktoni. Ya kwanza ilipatikana mwaka 1966, kutoka kwenye mizizi ya pamba. Kwa miaka mingi watu walijiuliza: mmea una akili gani ya kumwaga kitu kinachomwamsha adui yake? Jibu lilipatikana mwaka 2005. Ule haukuwa wito wa kayongo hata kidogo. Mmea ulikuwa unaita kuvu rafiki, wale wanaoishi kwenye mizizi, wanaouletea fosforasi kutoka mbali na kulipwa sukari. Na mmea unaita zaidi pale udongo unapokuwa maskini.

Nililala na hiyo habari kifuani. Mahindi yana njaa, yanaita msaada. Kayongo inasikia wito ambao haukuwa wake, inaitika. Shamba lenye njaa zaidi ndilo linaloita kwa sauti zaidi, kwa hiyo ndilo linaloliwa zaidi.

Ukishaelewa hilo, tembea Busia uangalie tena. Ni nani anaitikia wito wa maskini hapa? Kampuni za kamari zinasikia njaa ya kijana. Programu za mikopo zinasikia mama ambaye mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Nabii wa kwenye hema anasikia mgonjwa. Anayekuahidi kazi Ghuba kwa ada ya elfu hamsini anasikia binti aliyemaliza kidato cha nne. Hakuna kati yao aliyeleta njaa. Wamejifunza tu inavyosikika.

Na hapa lazima niseme jambo langu, kwa sababu nimeongea juu ya wengine vya kutosha.

Niliacha kuingia darasani mwezi wa tisa. Nilimwambia mama mwezi wa nne. Katikati hapo alinitumia karo ya semesta mbili, 18,000 na 18,000, kwa M-Pesa, akaandika "soma kwa bidii mwanangu". Nilizila. Si kwa pombe, kama mjomba anavyofikiri. Kwa kodi ya chumba, kwa chapati, kwa bando. Nilikuwa naandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao kwa shilingi 300 kila ukurasa, nikijiambia mwezi ujao malipo yatatosha na nitarudisha kabla hajajua. Mojawapo ya insha hizo ilikuwa ya somo la maadili. Juu ya uaminifu. Ilipata alama nzuri, aliyenituma aliniambia.

Mwaka huohuo mdogo wangu, akiwa kidato cha pili, alirudishwa nyumbani wiki tatu kwa deni la karo. Mama alikuwa amechagua. Alimtanguliza aliye chuo, kwa sababu aliye chuo angewainua wengine.

Hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya mama kwangu miaka yote. Kila Jumapili jioni simu, "Umekula? Masomo yanaendaje?" Nyuma yake kulikuwa na kitu kingine: njoo utusaidie. Alikuwa anamwita mtu fulani, mtoto msomi ambaye angeleta kitu kutoka mbali. Huyo mtu hakuwepo tena tangu mwezi wa tisa. Niliitika kwa jina lake.

Kwa hiyo hili ndilo jibu langu, lichukue au lipinge. Kula kwa mwingine si kosa. Mtoto tumboni anavuta chakula kutoka kwenye damu ya mama yake na hatumwiti kupe. Mzee anayelishwa kijiko hamdai mtu wala hadaiwi. Hata kurudisha si kipimo, maana kuna watu ambao hawatarudisha kamwe na bado ni haki yao kula. Mahindi yenyewe yanatutegemea sisi. Hayawezi kujipanda bila mkono wa mtu.

Kosa linaanza mahali pawili. La kwanza ni kuitikia wito ambao si wako, kuchukua kilichotolewa kwa jina la mwingine. La pili ni kula pasipoonekana, ili anayekulisha asipate nafasi ya kusema basi. Yanaenda pamoja mara nyingi, kwa sababu aliyechukua kwa jina la mwingine lazima ajifiche.

Mtu ataniuliza: na yule mwenye njaa kweli, anayeficha kwa sababu akisema atafukuzwa? Ni swali zuri, na nilijificha nyuma yake miezi saba. Ninachoweza kusema ni kwamba wengi wetu hatujawahi kujaribu kusema. Tunaogopa kunyimwa, kwa hiyo tunamnyang'anya mwenzetu hata ile nafasi ya kutoa.

Nilimwambia mama akiwa anachambua omena kwenye turubai, nje. Aliendelea kuchambua. Akauliza, "Za semesta ya pili ziko wapi?"

"Nilikula, Mama."

"Zote?"

"Zote."

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Ungesema una njaa ningekupa ya chakula. Ile ilikuwa na jina lake."

Sijawahi kusoma mwanafalsafa aliyelisema vizuri kuliko hivyo.

Kesho yake alinipeleka ile kona ya shamba. Tuling'oa kayongo asubuhi nzima kabla haijaangusha mbegu, kwa sababu mmea mmoja unaweza kutoa makumi ya maelfu ya mbegu. Tulizitia kwenye gunia tukachoma. Hakunihubiria. Aliniambia tu nisikatie juu, nishike chini.

Lakini kung'oa peke yake hakumalizi kayongo, na hapa ndipo naachana na mjomba moja kwa moja. Wanaoshughulika nayo, kuanzia kituo cha utafiti pale Alupe hadi wale wa icipe kule Mbita, wamejaribu njia nyingi. Kuna kuvu wanaooteshwa kwenye vijiti vya kuchokolea meno, kisha wanazidishwa kwa wali uliopikwa na kutiwa shimoni pamoja na mbegu ya mahindi, waiue kayongo. Kuna mtindo wa kupanda desmodiamu katikati ya mahindi na nyasi za nepia pembeni. Mizizi ya desmodiamu inaiamsha kayongo halafu inaizuia isijishike, na wakati huohuo inaongeza nitrojeni kwenye udongo. Mwanasayansi wa Ethiopia, Gebisa Ejeta, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2009 kwa mtama unaoistahimili kayongo. Baadhi ya mitama ya namna hiyo haikuacha kuita. Ilibadilisha sauti, inatoa aina nyingine ya strigolaktoni ambayo kayongo haiisikii vizuri.

Angalia mbinu hizo zinafanya nini. Wanang'oa, ndiyo, lakini pia wanalisha udongo. Jamii inayotaka makupe wapungue na haitaki kuuliza kwa nini watu wana njaa itang'oa milele. Itafukuza machinga, itakamata vijana wa njia za panya, itawacheka walioacha chuo, na msimu ujao maua ya zambarau yatatokea tena palepale.

Naandika hivi nikijua hatari yake. Ni rahisi mtu kama mimi kusema "ni udongo" na kunawa mikono. Udongo ulikuwa maskini, ni kweli. Chuo kilikuwa ghali, ajira hakuna, hayo yote ni kweli. Lakini udongo huohuo ulimlea mdogo wangu, ambaye alikaa nyumbani wiki tatu akisoma vitabu vya kuazima, na hakumla mtu.

Siku hizi bado nalala kwa mama. Bado nakula kwake. Kilichobadilika ni kidogo: nililima ile kona mwenyewe mwaka huu, na tumepanda desmodiamu, mbegu tuliyopata kwa jirani. Na kuna daftari. Nimeandika 36,000 juu kabisa, na chini yake kila ninacholipa. Nimefikisha 11,500, na pesa yote hiyo imeenda shuleni kwa mdogo wangu, maana mama alisema iende huko.

Limebaki 24,500. Daftari liko juu ya kabati la vyombo, mama anaweza kuliangalia saa yoyote. Mjomba pia, akipita.